Nyumba ipimwe kabla mtoto hajapimwa damu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niandike kuhusu sheria za ukaguzi wa rangi yenye madini ya risasi katika nyumba za kupangisha zilizojengwa zamani. Nimezifuatilia sheria hizi kwa muda, zikiwemo zile zinazosifiwa, na ninaona kwamba nyingi zina kasoro moja kubwa: zinaanza kufanya kazi baada ya mtoto kuumia. Mkaguzi anatumwa nyumbani pale tu majibu ya damu ya mtoto yanapotoka yakiwa mabaya, ilhali jukumu la kujua kilichomo kwenye milango, madirisha na kuta lilipaswa kuwa la mwenye nyumba tangu siku alipoamua kupangisha.

Risasi iliwekwa kwenye rangi kwa makusudi, kwa kuwa ilisaidia rangi kufunika vizuri, kukauka upesi na kustahimili unyevu na jua kwa miaka mingi. Na katika baadhi ya rangi za njano na nyekundu, misombo ya risasi ndiyo iliyozipa rangi yake. Kwa uimara huo ilipendwa hasa mahali panaposhikwa na kusuguliwa kila siku, yaani kwenye milango, fremu za madirisha, ngazi na vishikio vyake. Mafundi wa wakati huo walipaka bidhaa iliyouzwa kihalali, wala siwalaumu. Lakini risasi haiozi wala haipungui sumu kadiri miaka inavyopita, na anayepaka rangi mpya juu ya ile ya zamani ameificha tu mpaka tabaka la juu litakapopasuka.

Kuhusu madhara yake hakuna tena ubishi wa kitaalamu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Mwili huipokea kana kwamba ni kalsiamu, ukaihifadhi kwenye mifupa na meno, ambako inaweza kukaa kwa miongo kadhaa. Mwanamke aliyeila utotoni anaweza kumpitishia mwanawe aliye tumboni, kwa sababu wakati wa ujauzito mifupa huachia sehemu ya akiba yake. Mtoto anayetambaa hugusa sakafu kisha hutia vidole mdomoni siku nzima, na kwa njia hiyo huila risasi hata kama hajawahi kubandua kipande cha rangi akakitafuna. Mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Hana homa, hatapiki, anacheza kama wenzake. Kinachopungua ni uwezo wa kujifunza, umakini na utulivu, na mzazi huja kuliona pengo hilo shuleni miaka kadhaa baadaye bila kujua lilitoka wapi. Dawa za kuondoa risasi kwenye damu zipo na hutumika pale kiwango kinapokuwa kikubwa sana, lakini hazirudishi kilichokwisha kupotea kwenye ubongo. Sheria inayotegemea kugundua ugonjwa ili ichukue hatua inafaa kwa maradhi yanayotibika. Kwa hili haifai.

Wala ujuzi huu si mpya. Mwaka 1904 daktari wa macho wa Brisbane, Australia, John Lockhart Gibson, alieleza kwamba watoto waliokuwa wakiletwa kwake wakiwa wamedhurika na risasi waliipata kwenye rangi ya kuta za nyumba zao na ya vizuizi vya veranda, rangi iliyokuwa ikigeuka unga na kubaki mikononi. Mwaka 1922 jimbo la Queensland likapiga marufuku rangi hiyo mahali ambapo watoto wangeweza kuifikia. Mwaka mmoja kabla ya hapo Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limepitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe, yaani unga mweupe wa risasi uliochanganywa kwenye rangi, katika kupaka ndani ya majengo, kwa ajili ya kuwalinda wapaka rangi. Marekani ilingoja mpaka mwaka 1978 ndipo ikazuia rangi ya risasi kwa matumizi ya nyumbani, miaka 74 baada ya onyo la Brisbane, na katika muda wote huo nyumba ziliendelea kujengwa na kupakwa. Marufuku ya namna hii huhusu rangi inayouzwa dukani. Nchi inaweza kuweka kikomo kikali kabisa kwa rangi mpya, sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni kama inavyopendekezwa kimataifa, na bado ikawa haijaigusa hata fremu moja ya dirisha iliyopakwa kabla ya sheria hiyo.

Naomba nikae kidogo kwenye mfano wa Marekani, kwa sababu huko ndiko sheria za nyumba za kupangisha zimejaribiwa kwa namna nyingi na kasoro zake zimeonekana wazi. Mwaka 1992 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kupunguza hatari ya rangi ya risasi katika makazi, na kanuni yake ya kutoa taarifa ikaanza kutumika mwaka 1996. Inamtaka mwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 amweleze mpangaji, kabla mkataba haujatiwa saini, kila anachokijua kuhusu rangi ya risasi katika nyumba hiyo, amkabidhi ripoti yoyote aliyonayo na kumpa kijitabu cha maelezo. Haimtaki apime. Mwenye nyumba ambaye hajawahi kumwita mkaguzi anaweka alama kwenye fomu kwamba hana taarifa yoyote, na kwa alama hiyo ametimiza wajibu wake wote. Jirani yake aliyepima kwa moyo safi na kukuta risasi analazimika kuiandika, na mpangaji anayesoma fomu hizo mbili anaikimbia nyumba inayojulikana na kuingia ile isiyojulikana, akidhani amemwepusha mtoto wake na hatari. Sijui kama waliotunga kanuni hii waliliona jambo hilo. Ninachojua ni kwamba imekaa hivyo kwa karibu miaka 30, na kwamba kutojua kumefanywa kuwa kinga ya mwenye nyumba. Haki ya mpangaji kupewa taarifa haina maana pasipokuwa na mtu anayelazimika kuitafuta taarifa yenyewe.

Baadhi ya majimbo na miji imejaribu kuziba pengo hilo, na hatua zao zinastahili kusemwa kwa heshima. Maryland inawataka wenye nyumba za kupangisha zilizojengwa kabla ya 1978 wazisajili kila mwaka na zikaguliwe kila mpangaji anapobadilika. Mji wa Rochester, katika jimbo la New York, tangu mwaka 2006 umeuingiza ukaguzi wa risasi ndani ya ukaguzi wa kawaida ambao nyumba ya kupangisha lazima iupite ili ipewe cheti cha kukaliwa, na idadi ya watoto wenye risasi nyingi katika damu imeshuka sana huko tangu wakati huo. Ufaransa, kwa nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1949, inataka ripoti ya vipimo vya risasi iambatishwe kwenye mkataba wa upangaji tangu Agosti 2008. Ikipatikana risasi, ripoti hiyo hudumu miaka 6, na isipopatikana haina mwisho. Mpango huu wa Ufaransa naupenda kwa urahisi wake: karatasi ya vipimo ni sehemu ya mkataba wenyewe, si jambo la kuombwa baadaye na mpangaji ambaye tayari ameshahamia.

New Jersey, jimbo jingine la Marekani, nayo ilitunga sheria mwaka 2021, ikaanza kutumika Julai 2022, inayolazimisha nyumba za kupangisha zilizojengwa kabla ya 1978 zikaguliwe kila baada ya miaka 3 au mpangaji anapobadilika ikiwa hakuna cheti kilicho hai, na anayekaidi baada ya kupewa siku 30 za kurekebisha anaweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000 kwa wiki. Ni sheria yenye meno, na siisemi vibaya. Lakini ndani yake kuna kipengele kinachonisumbua. Namna ya ukaguzi hutegemea eneo: ikiwa angalau asilimia 3 ya watoto wenye umri wa miaka 6 au chini waliopimwa katika eneo hilo walikutwa na mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa desilita ya damu, mkaguzi lazima achukue sampuli za vumbi; ikiwa ni chini ya hapo, anaruhusiwa kukagua kwa macho tu. Kwa maneno mengine, kipimo bora kinatolewa mahali ambapo watoto wa kutosha wamekwisha kudhurika, na zaidi ya hapo, ambapo wamekwisha kupimwa. Pale ambapo wazazi hawana mazoea ya kupeleka watoto kupimwa damu, asilimia hiyo itakuwa ndogo kwa sababu hakuna aliyetazama.

Tofauti kati ya macho na vumbi ndiyo kiini cha jambo hili, na nadhani wasomaji wengi hawajaelezwa vya kutosha. Mkaguzi anayetumia macho hutafuta rangi iliyobanduka, iliyopasuka au iliyogeuka unga. Asipoiona anaandika kwamba nyumba iko salama. Lakini dirisha la zamani la kupandisha na kushusha, hata likiwa limepakwa vizuri na linang'aa, husaga rangi kila linapofunguliwa, na unga wake huanguka kwenye mfereji wa chini wa fremu, ukasambaa kwenye kingo ya dirisha na sakafuni. Mlango unaobana hufanya vivyo hivyo. Vumbi hilo ni laini kiasi kwamba jicho haliwezi kulitofautisha na vumbi lolote la nyumba, na ndilo hasa linalomfikia mtoto. Kulipima si kazi ngumu: mkaguzi hupima eneo dogo la sakafu au la kingo ya dirisha, hulifuta kwa kitambaa chenye unyevu, hukitia kitambaa hicho kwenye chombo safi na kukipeleka maabara. Nchini Marekani kiwango cha risasi kwenye vumbi la sakafu kilichohesabiwa kuwa hatari kilikuwa mikrogramu 40 kwa futi moja ya mraba tangu mwaka 2001. Kikashushwa hadi 10 kuanzia mwaka 2020, na kanuni iliyotolewa mwaka 2024 ikashusha hadi 5 kiwango ambacho kazi ya kuondoa risasi lazima ikifikie ili nyumba ihesabiwe kuwa imesafishwa. Sakafu iliyopewa cheti cha usalama mwaka 2010 ingeweza kuwa na risasi mara kadhaa zaidi ya inayokubaliwa sasa. Kwa viwango hivi, kumtuma mtu aje kutazama kuta na kuondoka ni kumpa mzazi faraja isiyo na msingi.

Kipo pia kifaa cha mkononi kinachotumia miali ya eksirei, ambacho husoma kiasi cha risasi katika matabaka yote ya rangi bila kuyakwangua, na Ufaransa na Marekani zote hutumia mstari wa miligramu 1 kwa sentimita ya mraba. Kinafaa sana kwa kujua risasi iko wapi katika jengo. Kinachoonyesha kama imeanza kumfikia mtoto ni vumbi, na kwa hiyo kimoja hakiwezi kuchukua nafasi ya kingine.

Jambo la pili linalonisumbua ni sheria zinazofanya wajibu wa mwenye nyumba utegemee kama kuna mtoto ndani. Jiji la New York, kwa sheria yake ya mwaka 2004, linamtaka mwenye jengo lililojengwa kabla ya 1960 kuwauliza wapangaji kila mwaka kama wana mtoto wa chini ya miaka 6, na kufanya ukaguzi pale alipo. Sheria hiyo ina mambo mazuri. Inachukulia kwamba rangi ya jengo la umri huo ina risasi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na baadaye ikapanuliwa ili imhesabu pia mtoto anayekaa humo kwa kawaida saa 10 au zaidi kwa wiki, hivyo nyumba ya bibi anayelea wajukuu mchana haikuachwa. Hata hivyo, wajibu unaoletwa na mtoto humfanya mtoto aonekane kuwa gharama. Mwenye nyumba mwenye vyumba viwili vya kupangisha, akiwa na waombaji wawili, mmoja kijana asiye na familia na mwingine mama mwenye mtoto wa miaka 2, anajua vizuri nani atamletea mkaguzi. Sheria ya Marekani ya makazi ya haki inakataza tangu mwaka 1988 kuwabagua wenye watoto, lakini kuthibitisha kwamba ulinyimwa chumba kwa sababu ya mtoto ni kazi ngumu kwa mtu anayetafuta pa kulala mwezi ujao. Nyumba ikikaguliwa kwa sababu ya umri wake, bila kujali nani anaishi ndani, mtoto hatakuwa tena sababu ya mama yake kukataliwa. Na mpangaji asiye na mtoto leo anaweza kuwa mjamzito mwaka ujao.

Wenye nyumba watasema gharama ni kubwa, na wengine wao wanasema kweli. Namheshimu mzee aliyejenga nyumba moja na kuishi kwa kodi yake, na singependa sheria imfukuze sokoni huku kampuni yenye majengo mengi ikilipa faini na kuendelea. Lakini ukaguzi ninaoutetea haulazimishi kung'oa rangi yote ya nyumba. Mahali pengi inatosha kurekebisha rangi iliyolegea, kubadilisha madirisha yanayosaga, kufunika kuta kwa ubao au rangi maalumu ya kuzibia, kusafisha vumbi kwa maji na kwa mashine ya kufyonza yenye chujio laini, kisha kupima tena. Serikali kuu ya Marekani imekuwa ikitoa ruzuku kwa kazi hii tangu miaka ya 1990, na ni sahihi kwamba fedha za umma zisaidie, kwa sababu ni serikali zilizoruhusu rangi hiyo iuzwe kwa muda mrefu baada ya hatari yake kujulikana. Nisichokikubali ni hoja kwamba, kwa kuwa matengenezo ni ghali, basi ni afadhali tusijue.

Matengenezo yenyewe nayo yanahitaji sheria, maana fundi asiyefundishwa anaweza kuiacha nyumba katika hali mbaya kuliko alivyoikuta. Akipiga msasa mkavu kwenye fremu ya zamani au kuibabua rangi kwa moto, ndani ya saa chache atasambaza vumbi na mvuke wa risasi katika vyumba vyote, na familia ikirudi jioni itaona kuta mpya na kuamini kwamba hatari imekwisha. Tangu Aprili 2010 Marekani inawataka wanaolipwa kukarabati nyumba za kabla ya 1978 wawe na cheti cha mafunzo ya kufanya kazi hiyo kwa usalama: kufunga eneo kwa plastiki, kuepuka njia zinazorusha vumbi, na kusafisha kabla ya kuondoka. Ningeongeza sharti kwamba anayepima mwishoni asiwe yule yule aliyelipwa kukarabati, wala asiwe mtu wa mwenye nyumba.

Mwisho ni suala la utekelezaji, na hapa jimbo la Rhode Island, Marekani, limeonyesha njia ambayo kwa maoni yangu ina nguvu kuliko faini. Sheria yake ya mwaka 2023 inawataka wenye nyumba za kupangisha wajisajili katika daftari la serikali, na kwa nyumba za zamani waambatishe cheti kinachoonyesha kwamba masharti ya risasi yametimizwa. Asiyejisajili hawezi kufungua kesi ya kumtoa mpangaji kwa kutolipa kodi. Faini husubiri mkaguzi, na wakaguzi daima ni wachache. Sharti la mahakamani linamfuata mwenye nyumba mwenyewe siku anapohitaji msaada wa sheria, na daftari lililo wazi linamwezesha mpangaji kuitazama nyumba kabla hajaanza kufungasha.

Kwa hiyo ombi langu kwa watunga sheria wa mahali popote penye nyumba za umri huo ni mahususi. Kila nyumba ya kupangisha iliyojengwa kabla ya rangi ya risasi kupigwa marufuku ipimwe vumbi na mtu huru kabla ya kila mpangaji mpya kuingia. Majibu ya maabara, chumba kwa chumba, yaambatishwe kwenye mkataba kwa lugha anayoisoma mpangaji na yaandikwe katika daftari la umma. Na mwenye nyumba asiye na cheti cha upimaji huo asiwe na haki ya kudai kodi mahakamani mpaka atakapokuwa nacho.

Wako,
Msomaji na mpangaji